Noeli na Swali la "Wewe ni wa Wapi?"

Tumezoea kuisikiliza habari ya Noeli kuanzia pale walipo malaika na wachungaji. Mwinjili Luka, lakini, haanzi hapo. Anaanza na amri ya serikali. Kaisari Augusto aliagiza watu waandikwe, kila mmoja katika mji wa ukoo wake. Ndipo Yosefu alipoondoka Nazareti pamoja na Maria, aliyekuwa mjamzito, akashika njia ya kwenda Betlehemu. Kabla ya nyimbo za usiku ule palikuwa na daftari la karani, na swali ambalo kila karani wa namna hiyo huuliza: wewe ni nani, na wewe ni wa wapi?

Kwa msomaji wa mbali jambo hilo huenda likawa dogo. Kwetu sisi wa Masisi na Walikale ni swali lililomwaga damu. Ndiyo maana tumeona vema, katika majira haya ya Noeli, tupitie pamoja sehemu ya historia yetu. Hatutafuti kufufua vidonda. Tunataka kuona jinsi mambo ya kila siku ya Noeli, yaani kuandikwa, kusafiri, kubisha hodi na kuketi mezani, yalivyotukia katika nchi yetu wenyewe.

Vilima, msitu na daftari

Masisi ni nchi ya vilima, baridi na malisho. Walikale ni nchi ya msitu, mito na mvua, pana kiasi cha kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu kulingana na nchi nzima ya Rwanda. Katika wilaya hizi mbili wanaishi Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wakumu, Wahutu, Watutsi, Wambuti na wengine. Maharage na maziwa hushuka kutoka vilimani. Mawese na mihogo hutoka msituni. Tangu zamani mmoja amekula jasho la mwenzake.

Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilianzisha mpango wa kuwahamishia Masisi watu kutoka Rwanda. Rwanda ilikuwa na watu wengi na njaa za mara kwa mara, na mashamba makubwa ya wazungu huku Kivu yalihitaji mikono ya kazi. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1955, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka na watoto wao na mizigo yao. Wenyeji, hasa Wahunde, waliona ardhi ya mababu ikigawiwa bila wao kuwa na neno kubwa la kusema. Kwa hiyo pande zote mbili zilibeba uchungu ambao mwanzo wake haukuwa baina yao. Waliopanga walikuwa wengine.

Baada ya uhuru, daftari likaanza kuandika na kufuta. Sheria ya mwaka 1972 iliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaifuta ile ya kwanza. Mtu aliyelala akiwa raia aliweza kuamka akiwa mgeni, na hali hajavuka hata mto mmoja. Mwaka 1991 serikali ilipotaka kuwatambua na kuwaandika raia, zoezi hilo lenyewe lilizusha ghasia Masisi.

Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, wilayani Walikale. Tunaomba mlizingatie neno hilo: soko. Ni mahali ambapo mama hutafuta chumvi na mafuta, mahali ambapo lugha zote hukutana kwa sababu tumbo halina kabila. Waliolengwa kwanza walikuwa watu wa lugha ya Kinyarwanda. Baadaye vita vikaenea Masisi yote, wakauawa Wahunde na Wanyanga pia, na maelfu ya watu wa kila upande wakapoteza maisha. Wengi walilazimika kuyaacha makwao. Noeli ya mwaka huo iliwakuta waamini wengi wakiwa ugenini ndani ya nchi yao wenyewe.

Mtoto aliyezaliwa Betlehemu alizaliwa katikati ya zoezi la kuwapanga watu kwa koo zao. Naye hakuja kulipinga daftari kwa upanga, wala hakukubali daftari liwe neno la mwisho juu ya mtu.

Noeli iliyokuwa siku ya kazi

Vijana wengi leo hawajui kwamba kulikuwa na wakati ambapo Noeli haikuwa sikukuu katika nchi yetu. Chini ya utawala wa Mobutu, nchi ilipoitwa Zaire, majina ya ubatizo yenye asili ya kigeni yalikatazwa mwaka 1972. Kardinali Malula wa Kinshasa alilazimika kukaa ng'ambo kwa muda. Vyama vya vijana vya kidini, kama vile Xaveri, kilichoanzia Bukavu katika miaka ya 1950 kwa juhudi ya Padri Georges Defour wa Wamisionari wa Afrika, vilipigwa marufuku. Vijana wote walitakiwa kuwa chini ya chama kimoja tu, chama cha dola. Kisha, mwaka 1974, Noeli ikaondolewa katika orodha ya sikukuu za taifa. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama siku nyingine.

Je, Noeli ilikufa? Haikufa. Tayari mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikuwa wameamua kuweka uzito katika jumuiya ndogo zilizo hai, zile tunazoziita huku Kivu shirika. Majirani wa nyumba chache walikutana, wakasali, wakatembelea wagonjwa. Kile kilichonyimwa uwanja kikapata nafasi chini ya paa la jirani. Hata leo, shirika linapogawana kazi za Noeli, huyu akileta kuni, yule akichota maji, mwingine akifagia kanisa, tunarithi hekima ya miaka ile. Sikukuu haikuwa zawadi ya serikali, ndiyo maana serikali haikuweza kuiondoa.

Na ninyi vijana mnaokutana leo kwa uhuru, mkivaa skafu za chama chenu na kuimba njiani, mjue kwamba wapo waliokaa miaka bila ruhusa ya kufanya hivyo.

Mlango wa Mokoto

Maria na Yosefu walikosa nafasi katika nyumba ya wageni. Katika Masisi liko jina moja ambalo hatuwezi kulitaja bila kukumbuka habari hiyo: Mokoto.

Mwaka 1954 wamonaki Watrapisti kutoka abasia ya Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri karibu na maziwa ya Mokoto. Wamonaki hawa hufuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayoagiza kila mgeni apokewe kana kwamba ni Kristo mwenyewe. Kanuni hiyo ni rahisi kuisoma wakati wa amani. Mwaka 1996, vita vilipowaka upya Masisi, mamia ya Watutsi waliofukuzwa katika vijiji vyao walikimbilia Mokoto, nao wamonaki wakawafungulia. Tarehe 12 Mei 1996 wenye silaha waliishambulia monasteri, wakawaua wengi wa wale waliojificha humo, hata ndani ya kanisa. Wamonaki wenyewe wakawa wakimbizi. Ilichukua miaka kabla ya sala za jumuiya hiyo kusikika tena mahali pale.

Huenda mtu akauliza: kufungua mlango kulisaidia nini, ikiwa wageni waliuawa hata hivyo? Swali hilo ni zito, nasi hatutaki kulijibu kwa wepesi. Tunasema hili tu: waliowaua walitaka ionekane kwamba watu wale hawana pao popote. Kwa kuwapokea, wamonaki walitoa ushahidi kinyume cha hayo, na ushahidi huo haukufutwa na mauaji. Mtoto wa Betlehemu naye hakuepushwa na hatari kwa kupewa hori. Mara baada ya kuzaliwa alichukuliwa usiku na kupelekwa Misri. Hori halikuzuia upanga wa Herode. Hata hivyo, miaka elfu mbili baadaye, ni hori tunalolitengeneza kwa majani ya migomba makanisani mwetu. Upanga hatuutengenezi.

Barua ya mkesha wa Noeli

Tangu Agosti 1998 waasi wa RCD waliitawala Kivu. Katika Noeli ya mwaka 1999 Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko wa Bukavu, jimbo kuu ambalo jimbo letu la Goma liko chini yake, aliwaandikia waamini ujumbe. Yeye alikuwa mwana wa Kivu ya Kaskazini, aliyekuwa askofu wa Butembo-Beni kwa miaka mingi. Aliuegemeza ujumbe wake katika maneno ya nabii Isaya ya kuwafariji watu wa Mungu. Lakini hakutoa faraja ya kubembeleza. Alisema wazi kwamba mataifa ya nje, yakisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu wenyewe, yanapora mali ya nchi na kuwadhulumu watu wake. Akawaita waamini wasikubali kushirikiana na uovu, bali wasimame katika tumaini.

Kwa ajili ya ujumbe huo, tarehe 12 Februari 2000 watawala walimzuia kurudi jimboni mwake, naye akakaa uhamishoni Butembo kwa miezi saba. Aliruhusiwa kurudi Bukavu mwezi wa Septemba. Tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki dunia huko Roma.

Tunapotumiana salamu za Noeli, nyingi zenye nyota na maua, tukumbuke salamu hiyo moja. Kumfariji mtu si kumwambia kwamba yote ni mema. Ni kusimama upande wake na kutaja kwa jina kile kinachomwumiza.

Meza

Lipo jambo moja la Noeli ambalo kila nyumba ya Masisi na Walikale inalijua: chakula kinachopikwa kwa ajili ya watu wengi kuliko waliokusudiwa. Sufuria ya sombe, maharage, bugali, kipande cha nyama kilichosubiriwa mwaka mzima. Mtoto amevaa nguo mpya au amevaa ile ya kaka yake iliyofuliwa vizuri. Kisha anafika mtu aliyekimbia vita kijijini kwake, na watoto watatu nyuma yake.

Wengi wanapofikiri juu ya wakimbizi wa ndani huona mahema. Huku kwetu, sehemu kubwa ya waliohama hupokewa katika nyumba za watu, na mara nyingi anayepokea ni maskini kama anayepokewa. Hakuna mnara wa kumbukumbu uliojengwa kwa ajili ya mama aliyegawa sombe ya watu sita iwatoshe watu kumi na mmoja. Lakini historia ya wilaya hizi isingekuwa na waandishi kama mama huyo asingekuwapo, kwa kuwa wengi wetu tusingekua.

Mwaka 1982 Jumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei iliyozaliwa Roma, iliandaa kwa mara ya kwanza chakula cha mchana cha Noeli ndani ya basilika ya Santa Maria in Trastevere, kwa wageni maskini wapatao ishirini. Desturi hiyo imeenea duniani kote. Katika jumuiya hiyohiyo, mjini Goma, alikua kijana Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981, rafiki wa maibobo, watoto wa barabarani. Alifanya kazi katika ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Alipotakiwa apokee rushwa ili apitishe chakula kilichooza, alikataa, na mwezi wa Julai 2007 akatekwa na kuuawa. Alitangazwa Mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Mnaona jinsi mambo haya mawili yanavyoshikamana: aliyejifunza kumpakulia maskini chakula safi hakuweza kutia sahihi maskini huyo auziwe sumu.

Noeli yetu

Siku kumi baada ya Noeli ya mwaka 2024, tarehe 4 Januari 2025, wapiganaji wa M23 waliingia Masisi mjini. Mwezi wa Machi walifika Walikale mjini, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Njia zikajaa tena watu wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Na tena, kwenye vizuizi vya barabarani na hata katika mazungumzo ya nyumbani, swali la zamani lilirudi: wewe ni wa wapi?

Vijana wapendwa, hamwezi peke yenu kunyamazisha bunduki. Lakini swali hilo liko pia midomoni mwenu: shuleni, uwanjani, katika kwaya, katika simu zenu. Linaweza kuulizwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza hutafuta sababu ya kumfungia mtu mlango. Namna ya pili huuliza ili kujua mgeni ametembea umbali gani, amechoka kiasi gani, na aandaliwe nini. Yosefu aliulizwa kwa namna ya kwanza na karani wa Kaisari. Wachungaji waliofika usiku hawakuuliza; walimtazama mtoto, wakamjua kuwa wa kwao.

Maswali ya kutafakari katika shirika:

1. Katika kikundi chetu, ni nani ambaye hajawahi kuimbiwa wimbo wa Noeli katika lugha ya nyumbani kwao? Tufanye nini mwaka huu?

2. Tumtaje mtu mmoja wa parokia yetu aliyewapokea waliohama. Je, tumewahi kumtembelea na kumshukuru?

3. Ni neno gani la kudharau watu wa kabila lingine ambalo limezoeleka kati yetu, nasi tuko tayari kuliacha kabla ya mkesha wa Noeli?