Zawali

Wazee wa pwani waliosoma fikihi hulitumia neno zawali kwa ile saa ambayo jua, likiisha kufika utosini, hutenguka kidogo tu kuelekea magharibi, na uvuli unaoanza kurefuka ndio ushahidi wa pekee. Na kwa istiari, ndiko pia kuondoka kwa neema au dola. Lawafaa mno ndugu wawili wa Kirusi, Arkady na Boris Strugatsky, ambao mwaka 1962, katika kitabu chenye neno Adhuhuri katika anwani yake, waliisawiri karne ya 22 isiyo na dhiki, wanadamu wakienda kwenye nyota kama tuvukavyo sisi kwenda Pemba. Katika riwaya zilizofuata hauanguki mji: katika ile ya 1979 Rudolf Sikorski, mkuu wa usalama (na mwadilifu, ndiyo ajabu yake), ampiga risasi Lev Abalkin kwa shaka tu, pasi na bayana; na katika ile ya 1985 watu waliokwisha kuupita ubinadamu waiacha Dunia, kwa kuwa haiwashughulishi tena. Wahakiki wenye haraka husema “kuporomoka”, nami silikubali, maana Abalkin alipokufa njaa haikurudi, wala safari za nyota hazikukoma.