Kasi ni ya Mashine, Mwendo ni wa Wimbo

Kupunguza mwendo: kuifanya sauti iliyorekodiwa ichukue muda mrefu zaidi bila kidatu chake kushuka. Kidatu ni ule ujuu au uchini wa sauti, nao hutegemea idadi ya mitetemo kwa sekunde; hauhusiani kabisa na kitufe cha redio cha kuongeza au kupunguza sauti. Wanaoihitaji istilahi hii kuliko wengine hawajawahi kukanyaga studio. Ni wale wanaojifunza filimbi za ngoma za asili kwa kusikiliza simu.

Tukuyu, mji wa wilaya ya Rungwe, ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Tamasha la ngoma za asili linaloandaliwa na Tulia Trust limewakutanisha hapo wachezaji wa Rungwe na vikundi vya mikoa mingine. Kila kikundi kinapoingia uwanjani simu huinuliwa, na muda si mrefu video zimeshaingia mtandaoni. Zamani aliyetaka kuijua filimbi ya kikundi fulani alikaa karibu na mpigaji, akaangalia vidole, akamwomba arudie. Leo mpigaji yumo ndani ya kioo, haombwi chochote, na vidole vyake haviko wazi. Mwanafunzi amebaki na sikio tu, na sikio linashindwa pale noti tatu au nne zinapopita kwa pumzi moja huku ngoma zikivuma. Maneno nayo hayamwokoi. Kinyakyusa, lugha ya Rungwe, hakitofautishi maneno kwa toni, kama ilivyo kwa Kiswahili, kwa hiyo hata anayejua mashairi ya wimbo hawezi kuyatumia kubashiri filimbi ipande wapi na ishuke wapi. Njia iliyobaki ni kuisikia noti yenyewe, na ili isikike lazima icheleweshwe.

Enzi za kanda, dawa ilikuwa kuizungusha mashine polepole. Kinasa sauti kilichorekodi kwa sentimita 19 kwa sekunde kiliweza kuchezeshwa kwa sentimita 9.5, na wimbo wa dakika moja ukawa wa dakika mbili. Tatizo ni kwamba mitetemo nayo hupungua kwa kiasi hicho hicho. Noti ya mitetemo 800 kwa sekunde huwa ya 400, yaani imeshuka okteva nzima. Wanakwaya waliozoea do-re-mi wataielewa hesabu yake haraka: ukipunguza hadi nusu, do inashuka hadi do ya chini, ukipunguza hadi robo tatu, do inaangukia sol iliyo chini yake, ukipunguza hadi asilimia 80, inaangukia katikati ya sol na la. Mwanafunzi aliyeshika filimbi yake hawezi tena kupiga sambamba na mwalimu wa kwenye kanda, kwa sababu matundu ya filimbi hayasogei.

Kompyuta iliutenganisha mwendo na kidatu. Njia mojawapo ni kuikata sauti katika vipande vifupi sana, kisha kuvitandaza upya juu ya muda mrefu zaidi, vikipishana na baadhi ya sehemu zikirudiwa. Kila kipande huchezwa kwa kasi yake ya asili, ndiyo maana kidatu hakiguswi. Kinachoongezeka ni idadi ya vipande. Njia nyingine, iliyoelezwa na Flanagan na Golden wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1966, huichambua sauti katika masafa yake na kuiunda upya kwa muda mpya. Audacity, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2000, ina amri tatu mbalimbali: ya kwanza hubadilisha kasi, ya pili mwendo, ya tatu kidatu. Mambo ni matatu, na Kiswahili kinahitaji majina matatu.

Wengi wetu husema “kupunguza spidi” au “kupunguza kasi” kwa yote. Ni maneno mazuri kwa ile kazi ya kanda, kwa sababu kinachopungua pale ni kasi ya kitu kinachozunguka. Kwa kazi ya pili yanapotosha. Wapo wanaopendekeza “kurefusha”, lakini kurefusha wimbo ni kuongeza beti au kurudia kiitikio, kama bendi ya dansi inapoona watu hawajashiba. “Kuvuta” nako kunatoa picha ya sauti iliyolegea na kuwa nzito, yaani kasoro ile ile tunayotaka kuikwepa.

Neno lenyewe tunalo makanisani. Mwalimu wa kwaya, awe wa Moravian au wa Kilutheri, akisema “punguzeni mwendo”, hakuna mwimbaji anayeshusha do. Wote wanabaki palepale na kuimba taratibu zaidi. Mwendo, kwa masikio ya waimbaji, tayari umetengwa na kidatu, na hicho ndicho kinachofanywa na programu. Istilahi hii pia inazaa bila shida: kuongeza mwendo, kurudisha mwendo, mwendo wa asilimia 60.

Amri ya tatu, kuhamisha kidatu, ina kazi yake Rungwe. Filimbi ya mwanzi hufuata urefu wa mwanzi uliopatikana na mkono wa aliyeutoboa. Mbili zilizochongwa na watu wawili mara nyingi hazilingani. Mwanafunzi akiihamisha rekodi ipande au ishuke kidogo hadi ikutane na filimbi yake, kisha akapunguza mwendo, ataweza kupiga pamoja na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Kupunguza mwendo kuna mipaka yake. Filimbi huvumilia kupunguzwa, kwani sauti yake ni nyembamba na ya kuendelea. Ngoma haivumilii: pigo lake ni tukio la ghafla, na likipanuliwa hupakaa au kusikika mara mbili. Chini ya nusu ya mwendo, hata zile noti ndogo za mapambo huanza kuonekana kama noti kamili, na mwanafunzi huzipa uzito ambao mpigaji hakuzipa. Kwa hiyo mwendo wa chini ni wa kutambua noti, na baada ya hapo hupandishwa hatua kwa hatua hadi miguu ya wachezaji iingie, maana filimbi ya ngoma hupigwa kwa ajili ya miguu.

Ombi langu kwa wanaotafsiri programu za muziki ni dogo. Kitufe kinachoshusha na kidatu kiandikwe Kasi. Kisichokigusa kidatu kiandikwe Mwendo. Kijana wa Tukuyu akivisoma atajua kabla ya kubonyeza kama filimbi yake bado itakubaliana na ya kwenye simu.