Uchunguzi wa Macho Shuleni kwa Watoto Wenye Maradhi ya Macho, Mombasa Bara

Uchunguzi wa macho shuleni ni upimaji wa haraka unaofanywa na mhudumu wa afya au mwalimu aliyefunzwa, ili kuwapata watoto wanaopaswa kuonwa na daktari. Mtoto mwenye makengeza, mtoto wa jicho, presha ya jicho au uoni hafifu unaoandamana na ualbino ameshajulikana kabla chati haijatundikwa. Linalotakiwa kwake ni kujua alionwa lini kliniki, miwani yake iko wapi na anaketi safu gani darasani. Hata akiisoma mistari yote, huyu apelekwe kliniki: presha ya jicho yaweza kula pembe za uoni huku katikati kukibaki safi.

Chati inayozoeleka ni ya herufi E. Mtoto huonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi, jicho moja likiwa limefunikwa. Wasiojua herufi hupimwa kwa picha za nyumba, tufaha, mraba na duara, alizobuni daktari Lea Hyvärinen wa Finland mwaka 1976. Mwenye miwani hupimwa akiwa ameivaa. Makosa mengi huingia kwenye kufunika: viganja vina mianya, na mwenye jicho vivu huchungulia kwa jicho zima bila nia ya kudanganya mtu. Jicho vivu hutokea ubongo unapolipuuza jicho lililopinda au lenye ukungu. Tiba yake, kuliziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku, hufaa zaidi kabla ya miaka 7. Kwa hiyo kampeni inayoanzia madarasa ya juu imewaruka wale ambao ingewafaa kuliko wote.

Umri huo wa kabla ya miaka 7 ndio hasa mtoto anapovuka mpaka wa kiserikali. Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti, na shule za msingi zikabaki za serikali kuu. Anayetoka PP2, mwaka wa mwisho wa elimu ya awali, kuingia Gredi ya 1 hubadili walimu na ofisi inayowasimamia. Mzazi asipotunza karatasi ya kliniki, mwalimu mpya huenda akaanza sifuri. Tena pwani watoto wengi husoma chuoni (madrasa) pia, na mpango wa chekechea za madrasa ulianzia Mombasa mwaka 1986. Mtoto asiyeona mbali husoma juzuu yake vizuri akiisogeza karibu na uso, kisha shuleni ubao ukamshinda na akaitwa mzembe.

Likoni iko ng'ambo ya kivuko, Kisauni ng'ambo ya daraja la Nyali, na Changamwe hufikiwa kupitia Makupa. Hospitali ya Coast General na kituo cha macho cha Lighthouse for Christ viko kisiwani. Kusini kuna kituo cha macho cha Kwale. Feri haimtozi mwenda kwa miguu, lakini mzazi anayeishi kwa kibarua huilipa safari hiyo kwa ujira wa siku nzima. Utafiti uliofanywa katika shule 50 za Trans Nzoia na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wazazi walipoonyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona na kukumbushwa kwa ujumbe wa simu, asilimia 54 ya watoto waliopewa rufaa walifika hospitali, dhidi ya asilimia 22 kwa utaratibu wa kawaida. Chati ilikuwa kazi nyepesi. Uzito ulikuwa kwenye kufika.

Jambo moja husahauliwa katika fomu nyingi: dawa inayotiwa nyumbani. Mzio wa macho huwasumbua watoto wengi katika nchi zenye joto. Hufikicha macho hadi yakawa mekundu, na matone ya steroidi ya duka la dawa huwatuliza upesi. Yakitumiwa miezi mingi bila daktari, matone hayohayo huweza kuleta presha ya jicho au mtoto wa jicho.

Likoni pia kuna shule ya wasioona, na ni rahisi kudhani kila mwenye maradhi ya macho mahali pake ni hapo. Vituo vya tathmini ya elimu maalumu, vilivyoanzishwa Kenya mwaka 1984, vipo ili kuamua hilo kwa vipimo. Wengi wenye uoni hafifu husoma maandishi ya kawaida wakipewa kikuza, herufi kubwa au kiti cha mbele, na mwenye ualbino akiwekwa mbali na dirisha lenye mwanga mkali.