Asiye na Mtu wa Kumtia Birikani

Injili ya Yohana, sura ya tano, inatupa habari za mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38, akilala kando ya birika la Bethzatha. Maji yalipotibuliwa, alipona yule aliyewahi kuingia. Huyu hakuwa na mtu wa kumtia.

Wapendwa, historia ya tiba ya UKIMWI hapa Kilimanjaro inafanana na birika lile. Ugonjwa ulitambuliwa nchini mwaka 1983, mkoani Kagera, na haukuchelewa kupanda mlima wetu. Kwa miaka mingi hapakuwa na dawa ya kugawa. Palikuwa na kutunzana tu. Mwaka 1990 wanawake wa Moshi walianzisha KIWAKKUKI, wakawafuata wagonjwa majumbani na kuwalea yatima.

Serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi, mwishoni mwa 2004, hazikuwatosha wote. Nani aanze? Kipimo kikuu kikawa CD4. Aliyeshuka chini ya 200 alianza. Wengi waliokuwa juu ya hapo waliambiwa wasubiri. Tena mgonjwa aliombwa aje na ndugu au rafiki wa kumkumbusha dawa. Ilikuwa busara, maana dawa ikikatizwa virusi huwa sugu. Lakini aliyefukuzwa na ndugu zake angekuja na nani? Foleni ya CD4 ilikoma mwaka 2016, ilipoamriwa kwamba kila anayekutwa na virusi aanze dawa.

Leo foleni nyingine iko njiani. Sindano za kabotegraviri na rilpivirini, zinazochomwa kila miezi miwili badala ya kidonge cha kila siku, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2021. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa watu wazima na vijana ambao vidonge vimekwisha kufubaza virusi vyao, na wasio na homa ya ini aina ya B. Rilpivirini huhitaji jokofu. Hazitafika kila zahanati ya mlimani siku moja.

Mfikirie binti wa kazi za ndani anayeficha vidonge chini ya godoro. Siku nyingine anashindwa kumeza kwa kuogopa kuonekana, na virusi vyake havifubai. Sindano ingemfaa kuliko wengi, lakini kwa kipimo hicho atabaki nyuma. Madaktari wanaliona hilo. Utafiti umefanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu waliowahi kupata shida ya kumeza dawa kila siku.

Kupanga foleni ni kazi ya waganga. Kazi ya usharika ni nyingine: kumjua asiye na mtu, kumsindikiza kliniki, kumtunzia siri. Pale Bethzatha palijaa wagonjwa, na Bwana Yesu alimwendea yule aliyesubiri muda mrefu bila msaada. Je, kwenye mtaa wako ni nani huyo?