Pensheni ni Jasho, Siyo Hisani

Suala la pensheni haliwezi kueleweka bila kuitazama historia ya kazi. Tuanzie Rungwe.

Kabla ya ukoloni, kinga ya uzee kwa Wanyakyusa ilikuwa ardhi, ng'ombe na wajibu wa vijana kwa wazee wao. Wajerumani walipoweka boma Tukuyu, wakapaita Neu Langenburg, walidai kodi. Kodi ilidai fedha. Katika enzi ya Waingereza vijana walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa na shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wengine walikuwa vibarua wa chai hapo hapo wilayani. Mwajiri alinunua nguvu za ujana, uzee akauachia mgomba wa nyumbani. Sheria ya pensheni ya mwaka 1954 iliwalinda watumishi wa serikali, siyo vibarua.

Baada ya Uhuru, mwaka 1964 uliundwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini akiba ililipwa kwa mkupuo, na kupanda kwa bei kuliitafuna. Sheria ya mwaka 1997 iliyounda NSSF ndiyo iliyoleta pensheni ya kila mwezi badala ya akiba hiyo.

Watumishi wa serikali kuu hawakuchangia mpaka mwaka 1999, ulipoundwa PSPF. Mfuko ukabebeshwa mzigo wa miaka ambayo haikuchangiwa. Ndiyo maana mwaka 2021 serikali ilitoa hatifungani ya shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni hilo. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF. Kikokotoo kipya cha mkupuo wa asilimia 25 kilipingwa na wafanyakazi, na Rais Magufuli alikisitisha Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 mkupuo ukawa asilimia 33. Mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50.

Historia hii inatufundisha mambo matatu. Kwanza, pensheni ni mshahara uliowekwa akiba. Mwalimu wa Tukuyu anachangia asilimia 5 na mwajiri wake 15. Mwajiri asiyewasilisha sehemu yake anashika mali ya mwalimu. Pili, mkupuo mkubwa leo hupunguza malipo ya kila mwezi kesho, kwa hiyo wafanyakazi washirikishwe kabla kanuni haijatungwa, siyo baada ya malalamiko. Tatu, mkulima wa chai naye huzeeka. Njia ya hiari ya NSSF ipo. Imfuate kwenye kituo cha kuuzia majani, kwa michango inayolingana na msimu wake.

Bila hayo, uzee utaendelea kuachiwa mgomba.