Kamera Isiyofika Kaze

Mwaka 1860 James Grant alipiga picha Unguja, kisha akafuatana na Speke kwenda bara. Enzi hizo bamba la kioo lilipakwa dawa, likatumika na kusafishwa lingali majimaji, ndani ya hema dogo la giza. Speke, akihofia joto lile lingemuua mwenzake, aliirudisha kamera pwani. Januari 1861 waliingia Kaze, ndiyo Tabora yetu, na penseli tu.

Naupenda mchoro wa Grant, una mkono wa mtu. Ila haumtambulishi mpagazi wa Kinyamwezi kwa wajukuu wake. Kalulu, mtoto aliyepewa Stanley hapa Tabora, alipigwa picha London mwaka 1872. Studio ni maigizo matupu, lakini lenzi haikuuficha uso wa mtoto. Alizama katika mto Kongo mwaka 1877.