German Shepherd ni Rika Moja na Nairobi: Historia ya Kusoma Kabla Hujanunua Mbwa

Wasee, mwaka 1899 kulitokea mambo mawili ambayo hakuna mwalimu aliwahi kutuunganishia. Mwezi wa nne, huko Karlsruhe, Ujerumani, afisa wa jeshi la wapanda farasi aitwaye Max von Stephanitz aliona mbwa kwenye maonyesho, akampenda, akamnunua na kumpa jina jipya: Horand von Grafrath. Huyo ndiye aliandikwa wa kwanza kabisa kwenye daftari la German Shepherd. Mwezi wa tano, reli kutoka Mombasa ikafika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikijua kwa maji yake baridi, na Nairobi ikaanza. Mbwa na jiji ni rika moja.

Nasema hivi kwa sababu watu wa umri wangu huongea kuhusu aina za mbwa kana kwamba ziliumbwa siku ya sita pamoja na Adamu. Hapana. Nyingi zimetengenezwa juzi tu, na watu waliokuwa na shida fulani mahali fulani. Ukitaka kujua mbwa gani anafaa kwenu, usianze na picha. Uliza: huyu alizalishwa afanye kazi gani?

Stephanitz alitaka mbwa wa kuchunga kondoo, mwenye akili na asiyechoka haraka. Rottweiler jina lake ni la mji wa Rottweil, ambako mababu zake walisaidia wachinjaji kuswaga ng'ombe. Husky anatoka kwa Wachukchi wa Siberia, watu waliohitaji mbwa wa kuvuta mizigo mbali sana kwenye theluji. Mwaka 1925, dondakoo ilipovamia mji wa Nome, Alaska, waendeshaji 20 wakiwa na mbwa wapatao 150 walipokezana dawa zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku zisizofika sita. Hiyo ndiyo damu iliyo ndani ya huyo mbwa mwenye macho ya buluu unayemtamani.

Sasa mtaani kwetu kuna husky anaishi kwenye balkoni ya orofa ya nne. Mwenyewe hutoka asubuhi kwenda kazi, hurudi usiku. Majirani wanalalamika ati mbwa analia na kutafuna kila kitu. Kwani mlitarajia nini? Mababu zake walikimbia Siberia, yeye amepewa mita mbili na ndoo ya maji.

Tulifikaje hapa, hadi tunachagua mbwa kwa sura? Hiyo pia ina tarehe. Mwaka 1859, mjini Newcastle, Uingereza, kulifanyika maonyesho ya mbwa ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya kisasa. Walioshindana ni mbwa wa kuwinda ndege tu. Mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club ya London, ikaanza kuweka daftari la nani kamzaa nani. Kuanzia hapo mbwa angeweza kushinda zawadi kwa umbo lake bila kufanya kazi hata siku moja.

Mwangalie bulldog. Alizalishwa ili ang'ang'anie fahali puani huku watu wakibeti. Bunge la Uingereza likapiga marufuku mchezo huo mwaka 1835. Kazi ikaisha, mbwa akabaki. Waliompenda wakaendelea kumzalisha kwa ajili ya ule uso, ukawa bapa zaidi kila kizazi. Leo wengi wao hupumua kwa shida, na joto linaweza kuwaua. Halafu mtu wa Nyali anamtafuta eti apendeze kwenye video. Manze!

Hizi tabia zilitufikia pamoja na ukoloni. Karen Blixen alipokuja mwaka 1914, alifuga mbwa wa Scotland waliozalishwa kuwinda kulungu, hapa hapa chini ya Ngong. Unajua kwa nini wazee wetu humwita German Shepherd "Alsatian"? Vita vya 1914 hadi 1918 viliwafanya Waingereza wachukie chochote chenye jina la Kijerumani, wakambadilishia mbwa jina. Sisi tulikuwa koloni lao, tukalirithi. Hata kile kibao cha "Mbwa Kali" kwenye mageti ya mitaa ya kitajiri, jiulize: mwenye nyumba aliongea Kiingereza, jirani yake Kiingereza, mbona onyo likaandikwa kwa Kiswahili? Lilikuwa linamwambia nani?

Na mbwa aliyekuwa hapa kabla ya hao wote tukamwita koko. Shenzi. Kienyeji, na si kwa ile heshima tunayompa kuku wa kienyeji.

Sikia hii sasa. Kwenye misitu ya Kongo kuna mbwa wadogo wa kuwinda, mkia umejikunja, hawabweki kama wengine. Wazungu waliwachukua, na miaka ya 1930 wakafaulu kuwafuga Uingereza, wakawaita Basenji. Lisome tena polepole. Ni ndugu wa neno letu "washenzi". Yaani mbwa wa kijiji akiwa kijijini ni mshenzi, lakini akivuka bahari na kupata cheti, anauzwa kwa maelfu.

Sisemi kila mtu afuge kienyeji. Ukiwa na shamba Kinangop, na kondoo, na muda, German Shepherd atakufaa sana, lakini uliza kuhusu nyonga za wazazi wake, kwa sababu ugonjwa wa nyonga hurithiwa katika ukoo huo. Ukiishi kwenye keja ya chumba kimoja Roysambu, soma kwanza mkataba wa nyumba kama mbwa anaruhusiwa. Hesabu saa ambazo atakuwa peke yake. Hesabu chakula, dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, maana hiyo haijali kama mbwa ana cheti au hana.

Ukimaliza hesabu na bado unataka mbwa, kabla ya kutuma pesa kwa muuzaji usiyemjua, pitia KSPCA kule Karen uone wanaotafuta nyumba. Wengi ni hao hao kienyeji. Hakuna aliyewazalisha kwa ajili ya theluji wala fahali. Vizazi na vizazi, kazi yao imekuwa kuishi hapa, na watu wa hapa.